Wacherokee Walishinda Kesi, Ardhi Ikaenda

Watu wengi wamepata kusikia kwamba nchi ya Marekani ilianza na majimbo 13 tu, yote yakiwa upande wa mashariki karibu na bahari ya Atlantiki, na kwamba baadaye ilienea kuelekea magharibi hata ikafika bahari ya pili. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi kana kwamba nchi iliyokuwa mbele ilikuwa pori tupu lisilo na mwenyewe. Sivyo ilivyokuwa. Mabonde na misitu ile ilikuwa na wenyewe, nao walikuwa na vijiji, mashamba, wakuu wao na desturi zao. Wazungu waliwaita wote kwa jina moja, Wahindi Wekundu, ijapokuwa walikuwa mataifa mengi yenye lugha mbalimbali.

Mojawapo ya mataifa hayo ni Wacherokee. Katika miaka ya 1820 na 1830 walitetea ardhi yao kwa kalamu, kwa gazeti na kwa mawakili, wala si kwa bunduki. Kesi yao ilifika katika mahakama iliyo kubwa kuliko zote nchini, na huko wakapata haki. Hata hivyo miaka sita baadaye waliondolewa majumbani mwao na askari wa serikali. Yafaa kueleza jinsi jambo hilo lilivyowezekana, maana lilitokea katika nchi iliyokuwa ikijivunia sheria zake na kura zake.

NJAA YA ARDHI

Marekani ilijitangazia uhuru wake mwaka 1776, na mwaka 1789 George Washington akawa Rais wa kwanza chini ya Katiba mpya. Watu walipohesabiwa mwaka 1790 walionekana kuwa kama milioni 3.9. Miaka 40 baadaye, yaani mwaka 1830, walikuwa karibu milioni 13. Wengi wa watu hao walikuwa wakulima, na kila mkulima alitaka shamba, na wanawe walipokua walitaka mashamba yao wenyewe.

Serikali ilikuwa imefanya mpango wa kugawa ardhi kwa sheria ya mwaka 1785. Wapimaji walipeleka minyororo yao msituni wakaikata nchi katika miraba, kila mraba maili moja kila upande, yaani eka 640. Miraba 36 ilifanya mtaa mmoja, na mraba wa 16 katika kila mtaa uliwekwa kwa faida ya shule. Kisha ardhi iliuzwa mnadani. Ulikuwa mpango safi, na mnunuzi aliweza kujua mpaka wake pasipo kugombana na jirani. Lakini kabla ya mnyororo kufika, ilibidi wenyeji wa asili wawe wamekwisha kuiachilia ardhi hiyo kwa mkataba, na mikataba mingi ilipatikana kwa vitisho, kwa pombe, au kwa kutiwa sahihi na watu wasio na mamlaka.

Mwaka 1803 Rais Thomas Jefferson alinunua kwa Wafaransa nchi ya Louisiana, iliyo magharibi ya mto Mississippi, kwa dola milioni 15. Eneo la Marekani likawa karibu mara mbili ya lilivyokuwa. Tangu siku hizo wakubwa kadhaa wa serikali walianza kufikiri kwamba wenyeji waliobaki mashariki ya mto wangeweza kuhamishwa wapelekwe ng'ambo.

Huko kusini njaa ya ardhi ilikuwa kali zaidi kwa sababu ya pamba. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua pamba, ikatoa mbegu kwa upesi ambao mikono haikuweza kuufikia. Viwanda vya Uingereza vilinunua pamba yote iliyopatikana. Kazi ya shamba ilifanywa na watumwa Waafrika, na hesabu yao ikapanda kutoka kama 700,000 mwaka 1790 hata milioni 2 mwaka 1830. Mwenye watumwa alitafuta udongo mpya kila udongo wa zamani ulipochoka, na udongo mzuri uliobaki Georgia na Alabama ulikuwa mikononi mwa Wacherokee na jirani zao Wacreek.

Tena palikuwa na ahadi mbili zisizopatana. Katika mikataba ya mwaka 1785 na 1791 Serikali ya Muungano iliwaahidi Wacherokee kwamba italinda mipaka ya nchi yao. Lakini mwaka 1802 serikali hiyo hiyo ilipatana na jimbo la Georgia: Georgia iache madai yake juu ya nchi za magharibi, nayo serikali itaondoa haki za wenyeji katika ardhi yote iliyo ndani ya Georgia, mara itakapowezekana kwa amani na kwa masharti ya haki. Hivyo kitu kimoja kiliahidiwa watu wawili. Georgia haikusahau ahadi yake hata siku moja, na kwa upande huo malalamiko yake yalikuwa na msingi.

TAIFA LENYE GAZETI LAKE

Tangu wakati wa Washington serikali ilikuwa ikiwahimiza wenyeji wajifunze kulima kwa plau, kufuma nguo, kusoma na kufuata dini ya Kikristo. Wacherokee wengi waliitika. Walijenga nyumba za magogo na baadhi yao nyumba za matofali, wakafuga ng'ombe, wakaweka vinu na vivuko vya mito, wakawakaribisha wamisionari wafungue shule.

Jambo la ajabu kuliko yote lilitoka kwao wenyewe. Mtu mmoja aitwaye Sequoyah, aliyekuwa fundi wa fedha na asiyejua kusoma Kiingereza, aliona kwamba nguvu ya Wazungu ilikuwa katika karatasi zao zinazosema. Akakaa miaka mingi akitafuta njia ya kuandika Kicherokee. Kwanza alijaribu kuweka alama moja kwa kila neno, akaona kwamba alama hazina mwisho. Ndipo alipogundua kwamba maneno yote ya lugha yake yamefanywa kwa vipande vichache vya sauti vinavyorudiwa. Kila kipande akakipa alama yake. Ni kama vile neno "maji" lingeandikwa kwa alama mbili tu, moja ya "ma" na moja ya "ji". Kazi ilipokwisha mwaka 1821 alama zilikuwa 86, na baadaye zikabaki 85. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa binti yake mdogo. Kwa kuwa mtu aliyejua lugha alihitaji kushika alama hizo tu, wengi walijifunza kwa muda mfupi bila mwalimu wala darasa, na katika miaka michache barua zilikuwa zikipelekwa toka kijiji hata kijiji.

Mwaka 1827 Wacherokee waliandika katiba yao, yenye mkuu, baraza mbili na mahakama, kwa mfano wa ile ya Marekani. Mwaka uliofuata walimchagua John Ross kuwa mkuu wao, na tarehe 21 Februari 1828 gazeti la kwanza la taifa hilo, jina lake Cherokee Phoenix, lilipigwa chapa katika mji wao mkuu wa New Echota. Mhariri wake alikuwa kijana msomi aitwaye Elias Boudinot. Gazeti lilikuwa na safu za Kiingereza na safu za Kicherokee, nalo lilisomwa hata na Wazungu wa miji ya mbali.

Haifai kuwasifu kupita kiasi. Matajiri wa Kicherokee walikuwa wakimiliki watumwa Waafrika kama jirani zao Wazungu, na hesabu ya mwaka 1835 ilionyesha watumwa zaidi ya 1,500 katika taifa la watu kama 16,500. Katiba yao ya 1827 iliwanyima watu weusi kura na vyeo. Waliodai haki yao kwa ufasaha mkubwa hawakuona vibaya kuwanyima wengine.

KURA ZAONGEZEKA

Hapo mwanzo wa jamhuri majimbo mengi hayakumruhusu mtu kupiga kura pasipo kuwa na mali au kulipa kodi fulani. Sharti hilo likaondolewa jimbo baada ya jimbo, hata kufikia mwaka 1830 karibu wanaume wote Wazungu waliweza kupiga kura. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1824 kura zilikuwa kama 350,000. Katika ule wa 1828 zilizidi 1,100,000.

Wanahistoria huuita wakati huo wakati wa watu wa kawaida, na kwa kweli mkulima maskini alipata sauti ambayo babu yake hakuwa nayo. Lakini mlango huo huo uliofunguliwa kwa wengine ulifungwa kwa wengine. Katika New Jersey wanawake wenye mali walikuwa wakipiga kura, wakazuiwa mwaka 1807. Katika New York sharti la mali liliondolewa kwa Wazungu mwaka 1821, lakini kwa mtu mweusi likawekwa kuwa dola 250. Pennsylvania iliwaondolea watu weusi kura kabisa mwaka 1838. Wenyeji wa asili hawakuhesabiwa kamwe.

Mshindi wa uchaguzi wa 1828 alikuwa Jenerali Andrew Jackson wa Tennessee. Jackson alizaliwa katika umaskini, akawa wakili, mwenye shamba la pamba na watumwa, kisha shujaa wa vita. Mwaka 1814, katika mapigano ya Horseshoe Bend dhidi ya Wacreek, mamia ya Wacherokee walipigana upande wake, na John Ross alikuwa mmoja wao. Jambo hilo halikumzuia. Yeye aliamini kwamba taifa dogo haliwezi kukaa ndani ya mipaka ya jimbo likiwa na serikali yake, na kwamba kuhama ndiko kutakakowaokoa wenyeji. Waliompigia kura kusini walikuwa na sababu iliyo rahisi zaidi: walitaka ardhi.

Kabla ya hapo, wakati wa uchaguzi ule, dhahabu ilikuwa imekwisha kuonekana katika milima ya Georgia. Maelfu ya wachimbaji wakaingia katika nchi ya Wacherokee bila ruhusa. Serikali ya Georgia ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Juni 1830 sheria za jimbo ndizo zitakazotawala nchi hiyo, kwamba sheria za Wacherokee ni bure, na kwamba Mcherokee hawezi kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya Mzungu. Maana yake ilikuwa wazi. Mzungu aliyeiba farasi au kuvamia shamba la Mcherokee hakuwa na la kuogopa, maana aliyemwona hakuruhusiwa kusema.

SHERIA YA MWAKA 1830

Jackson alipeleka Bungeni sheria ya kuwahamisha wenyeji wote wa mashariki mpaka ng'ambo ya Mississippi. Kwa maneno yake sheria haikumlazimisha mtu. Ilimpa Rais uwezo wa kubadilishana nao ardhi na fedha ya kulipia safari. Lakini mtu aliyewekewa sheria za Georgia upande huu na mkataba upande ule hakuwa na hiari kubwa.

Ndipo yalipotokea mambo ambayo hayakupata kuonekana Marekani. Jeremiah Evarts, katibu wa chama kikubwa cha wamisionari, aliandika makala 24 magazetini akieleza mikataba yote iliyotiwa sahihi na jinsi heshima ya nchi ilivyofungwa nayo. Mwalimu mmoja mwanamke, Catharine Beecher, aliwaandikia wanawake wenzake waraka bila kutia jina lake, akiwaomba wapeleke maombi yao Bungeni. Wanawake hawakuwa na kura, na desturi iliwakataza kusema juu ya mambo ya utawala. Lakini Katiba ilimpa kila mtu haki ya kupeleka maombi, wala haikusema kwamba mwombaji lazima awe mwanamume. Wanawake wakapita nyumba kwa nyumba wakikusanya majina, na hati zikafika Washington kutoka mji baada ya mji. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake wa Marekani kufanya jambo la namna hiyo kwa umoja.

Katika Seneti, Theodore Frelinghuysen wa New Jersey alisema kwa saa sita, akizigawa katika siku tatu. Sheria ilipita Seneti kwa kura 28 kwa 19. Katika Baraza la Wawakilishi ilikuwa 102 kwa 97. Watu watatu tu wangalibadili mawazo yao, ingalianguka. Davy Crockett, mwindaji maarufu wa Tennessee na mtu wa jimbo moja na Rais, alipiga kura ya kukataa, na katika uchaguzi uliofuata akapoteza kiti chake. Jackson alitia sahihi tarehe 28 Mei 1830, siku nne kabla ya sheria za Georgia kuanza.

Wachoctaw walikuwa wa kwanza kuhamishwa, kuanzia mwaka 1831. Wacreek na Wachickasaw wakafuata. Waseminole wa Florida walikataa, wakapigana na jeshi kutoka mwaka 1835 hata 1842.

KESI YA WORCESTER

Wacherokee walichagua mahakama. Walimwajiri William Wirt, aliyekuwa zamani mwanasheria mkuu wa serikali, akafungua kesi dhidi ya Georgia. Mwaka 1831 Mahakama Kuu ilikataa kuisikiliza. Jaji Mkuu John Marshall alisema kwamba Wacherokee si nchi ya kigeni, bali ni taifa lililo chini ya ulinzi wa Marekani, kwa hiyo hawana nafasi ya kulishtaki jimbo mbele ya mahakama hiyo. Ilionekana kana kwamba mlango umefungwa.

Georgia yenyewe ndiyo iliyoufungua tena. Ilikuwa imetunga sheria kwamba Mzungu yeyote akaaye katika nchi ya Wacherokee lazima apate kibali na aape kuitii Georgia. Wamisionari kadhaa walikataa, kwa kuwa kuapa kungekuwa kukiri kwamba nchi ile ni ya Georgia. Walikamatwa, na mwezi Septemba 1831 watu 11 walihukumiwa kifungo cha miaka minne na kazi ngumu. Tisa walikubali msamaha. Wawili, Samuel Worcester na Elizur Butler, walikataa wakaingia gerezani. Worcester ndiye aliyekuwa amesaidia kupata herufi za chuma za kupigia chapa gazeti la New Echota. Sasa mshtaki alikuwa raia wa Marekani aliyefungwa, wala si taifa lisilo na nafasi mahakamani, na Mahakama Kuu haikuweza kusema kwamba haimjui.

Hukumu ilitolewa tarehe 3 Machi 1832. Marshall alisema kwamba taifa la Cherokee ni jamii iliyo mbali na Georgia, yenye nchi yake na mipaka yake, na kwamba sheria za Georgia hazina nguvu humo. Mambo ya mataifa hayo ni ya Serikali ya Muungano peke yake. Sheria iliyowafunga wamisionari ikahesabiwa kuwa batili.

Watu wengi husimulia kwamba Jackson alicheka akasema Marshall amekwisha kuhukumu, sasa na aitekeleze hukumu yake mwenyewe. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba alisema hivyo, wala hakuhitaji kusema. Mahakama haina askari. Iliiagiza mahakama ya Georgia iwafungue wafungwa, kisha majaji wakafunga kikao chao mpaka mwaka uliofuata. Georgia haikujibu, na mpaka Mahakama Kuu ikae tena hapakuwa na amri nyingine ya kutolewa wala hatua ambayo Rais alilazimika kuichukua.

Katikati ya muda huo likatokea jambo jingine. Mwezi Novemba 1832 jimbo la South Carolina lilitangaza kwamba halitatii sheria ya ushuru ya Serikali ya Muungano. Jackson alikusudia kulinyamazisha hata kwa jeshi, naye hakutaka Georgia ijiunge nalo. Hata marafiki wa Wacherokee walianza kuogopa kwamba nchi itavunjika kwa ajili ya wafungwa wawili. Worcester na Butler walishauriwa waache kesi. Wakaiacha, na gavana akawatoa gerezani mwezi Januari 1833. Hukumu ikabaki katika vitabu.

Wakati huo huo Georgia ilikuwa ikiigawa ardhi yenyewe kwa bahati nasibu. Majina ya watu wa Georgia yalitiwa katika ngoma moja na namba za viwanja katika ngoma ya pili. Kiwanja cha kawaida eka 160, kiwanja cha dhahabu eka 40. Mtu aliyeshinda alikwenda na karatasi yake kutafuta shamba lake. John Ross aliporudi kutoka Washington mwaka 1835 alikuta nyumba yake ina mwenyewe mwingine, na mkewe na watoto wametolewa.

WALIOTIA SAHIHI

Taifa likagawanyika. Ross na wengi wa watu wake walisema wakae, wangoje Rais mwingine. Wachache, wakiongozwa na mzee Major Ridge, mwanawe John, na yule mhariri Boudinot, waliona kwamba kungoja ni kupoteza vyote, na kwamba heri kuuza wakati bado kuna bei. Watu hao hawakuwa wajinga. Boudinot alikuwa ameitetea ardhi kwa kalamu miaka minne. Lakini hawakuwa na mamlaka ya kuiuza, na sheria ya Wacherokee, ambayo Ridge mwenyewe alikuwa ameiunga mkono, ilitoza kifo kwa mtu auzaye ardhi ya taifa bila idhini.

Tarehe 29 Desemba 1835, katika New Echota, kundi hilo dogo lilitia sahihi mkataba: ardhi yote ya mashariki kwa dola milioni 5 na nchi ng'ambo ya Mississippi. Ross alipeleka Bungeni maombi ya kuukana, yenye majina zaidi ya 15,000, yaani karibu taifa zima. Seneti iliukubali mwezi Mei 1836 kwa kura 31 kwa 15. Ilihitaji theluthi mbili, ikazipata kwa kura moja tu.

Wacherokee walipewa miaka miwili. Siku zilipokwisha, mwezi Mei 1838, wengi walikuwa bado wakipanda mahindi yao. Rais Martin Van Buren, aliyemfuata Jackson, alimtuma Jenerali Winfield Scott na askari wapata 7,000. Askari walizizunguka nyumba, wakawatoa watu shambani na mezani, wakawapeleka katika kambi zenye maboma. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa cha ukame, na kuhara, surua na kifaduro viliua watoto na wazee wengi kabla ya safari kuanza. Vikundi vya kwanza vilipelekwa kwa mashua chini ya ulinzi wa askari, na vifo vilikuwa vingi. Ndipo Ross alipoomba watu wake wajisafirishe wenyewe baada ya joto kupungua. Akakubaliwa, na taifa likagawanywa katika misafara 13, kila msafara na viongozi wake, magari ya farasi, na tabibu ikiwezekana.

Njia ilipita Tennessee, Kentucky, Illinois na Missouri, maili 800 na zaidi. Magari yalibeba vyakula, wagonjwa na wazee. Wengine walikwenda kwa miguu, pamoja na watumwa wao, ambao hakuna aliyewauliza lolote. Misafara iliyochelewa ilikuta mto Mississippi umejaa vipande vya barafu, ikakaa ukingoni kwa majuma katika baridi bila nyumba. Mke wa Ross alikuwa mmoja wa waliokufa. Wa mwisho walifika mwezi Machi 1839. Kwa makisio yanayotajwa sana, watu kama 4,000 walikufa katika kambi, njiani, na mara baada ya kufika, yaani karibu mtu mmoja katika kila wanne.

Mwezi Juni mwaka huo huo, kwa siku moja, Major Ridge, mwanawe na Boudinot waliuawa na Wacherokee wenzao kwa ajili ya sahihi zao.

MAOMBI YALIYOENDELEA

Waliokuwa wamepeleka maombi mwaka 1830 walishindwa, lakini hawakuisahau njia waliyojifunza. Baadhi yao waliigeuzia kwenye jambo lililokuwa kubwa zaidi, utumwa. Chama cha taifa cha kupinga utumwa kiliundwa mwaka 1833, na wanawake wakapita tena nyumba kwa nyumba. Hati zilikuwa nyingi hata Baraza la Wawakilishi likafanya kanuni mwaka 1836 kwamba maombi yote juu ya utumwa yawekwe kando bila kusomwa. John Quincy Adams, aliyekuwa Rais kabla ya Jackson na sasa mjumbe wa kawaida, aliipinga kanuni hiyo kila mwaka mpaka ikafutwa mwezi Desemba 1844.

Jambo la kushangaza ni kwamba Catharine Beecher, aliyewaamsha wanawake kwa ajili ya Wacherokee, aliandika kitabu mwaka 1837 akiwataka waache kupeleka maombi juu ya utumwa. Alisema kwamba si kazi yao. Angelina Grimké, binti wa mwenye watumwa aliyeugeuka utumwa, alimjibu kwamba maombi ndiyo silaha ya pekee ya mtu asiye na kura. Kutoka katika mabishano ya namna hiyo ulitokea mkutano wa Seneca Falls, New York, mwezi Julai 1848, ambapo watu 100 walitia sahihi tamko la haki za wanawake. Kura yenyewe ilipatikana kwa nchi nzima mwaka 1920, na uraia wa wenyeji wa asili wote mwaka 1924.

Wacherokee walijenga mji mkuu mpya, Tahlequah, na mwaka 1844 wakaanzisha gazeti jingine. Nchi waliyoahidiwa ng'ambo ya mto nayo iliingiliwa baadaye na walowezi, na mwaka 1907 ikawa sehemu ya jimbo la Oklahoma. Wengine waliojificha katika milima ya North Carolina hawakuondoka, na wajukuu wao wako huko hata leo. Watumwa wa Wacherokee waliachiliwa huru na kupewa uraia wa taifa hilo kwa mkataba wa mwaka 1866. Haki ya wajukuu wao ikabishaniwa sana, hata mahakama ya Washington ikaithibitisha mwaka 2017.

Hukumu ya Worcester haikufutwa kamwe. Mawakili wa mataifa ya wenyeji wameitaja katika kesi nyingi tangu hapo. Mwezi Julai 2020 Mahakama Kuu iliamua, majaji watano kwa wanne, kwamba nchi waliyopewa Wacreek katika Oklahoma haikupata kuondolewa na Bunge, na mwaka uliofuata mahakama ya Oklahoma ikasema vivyo hivyo juu ya nchi ya Wacherokee.